Kelele Inapita Wapi? Kupima Sauti kwa Simu na Kuitafutia Dawa

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni mambo ya sauti, swali huja hata kabla hatujamaliza salamu: "Nibandike nini ukutani ili nisimsikie jirani?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Usibandike kitu. Bado.

Kelele inafanana na paa linalovuja. Doa la maji unaliona juu ya kitanda, lakini tundu liko upande mwingine kabisa wa nyumba. Maji yameteremka juu ya boriti, yakapita kwenye kiungo, ndipo yakadondoka. Anayelipaka rangi lile doa atalipaka tena mvua ijayo. Hatua zinazofuata zinatafuta hilo tundu: sauti inatoka wapi, inapita njia gani, ndipo mfuko uguswe. Unahitaji simu, daftari, kalamu, na usiku mmoja au miwili ya subira.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kupima

Andika saa inapoanza, saa inapoisha, na namna inavyosikika. Inanguruma, inavuma, inagonga, inapiga mluzi, au ni maneno ya watu? Ukiweza kuyashika maneno yenyewe, kuna uwezekano mkubwa kwamba sauti inapita hewani kwenye uwazi fulani, maana herufi kama s, f na t hubebwa na masafa ya juu, na hayo ndiyo yanayokufa kwanza ukutani. Ukisikia "mbu-mbu-mbu" tu, ukuta umekula masafa ya juu na kuiacha besi ipite. (Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na huhesabiwa kwa hezi. Besi ni hezi chache, mluzi ni hezi nyingi.)

Kisha zima vya kwako kwanza: friji, feni, pampu, hata chaja. Sisemi hivi kwa dharau. Niliwahi kukesha nusu ya usiku nikisaka pampu ya jirani, sikio ukutani, nikiwa nimeshatunga na maneno ya kumwambia asubuhi. Kumbe ni friji yangu mwenyewe, iliyogusa ukuta kwa nyuma. Niliisogeza upana wa vidole viwili, nikalala.

Sasa weka kiganja ukutani, sakafuni, kwenye fremu ya dirisha, kwenye bomba. Ukihisi mtetemo, au ukibandika sikio kwenye bomba na mlio ukawa mkubwa kuliko ulivyo hewani, basi sauti inasafiri ndani ya jengo lenyewe, kupitia zege na chuma. Hiyo dawa yake ni tofauti kabisa na ya sauti inayopita hewani, na wengi hupoteza fedha kwa kuzichanganya hizi mbili.

Mwisho wa hatua hii, tembea chumbani polepole. Mngurumo wa besi hausikiki sawa kila mahali. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20 za selsiasi, kwa hiyo wimbi la hezi 43 lina urefu wa karibu mita 8. Chumba chenye urefu wa mita 4 kinabeba nusu ya wimbi hilo barabara: linakuwa na nguvu kwenye kuta mbili za mwisho, na katikati linakaribia kupotea. Ndiyo maana anayelala kichwa kikiwa ukutani anasema hapati usingizi, na mwenzake aliyesimama katikati ya chumba anamwambia anajitungia. Wote wawili wanasema kweli. Wakati mwingine kuhamisha kitanda tu kunatosha, na ni bure.

Hatua ya 2: Ielewe desibeli kabla haijakuchanganya

Desibeli haihesabiwi kama kilo au mita. Sifuri yake si kimya kabisa. Ni shinikizo la mikropaskali 20, ambalo ni kama mwanzo wa kusikia kwa sikio zima la kijana. Kutoka hapo, kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nishati mara kumi. Sauti ya 80 ina nishati mara elfu moja ya sauti ya 50.

Kwa sababu hiyo, mashine mbili zenye desibeli 60 kila moja hazitoi 120. Zinatoa 63. Na kinyume chake ndicho kinachouma: ukizima moja kati ya mbili, umepunguza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hulitambua kwa shida. Ili mtu aseme "sasa imepungua nusu", unahitaji kushusha kama desibeli 10. Yaani kama feni kumi zinavuma sawasawa, itabidi uzime tisa.

Hesabu hii ina faida moja kubwa. Mahali palipo na sauti ya 70 na nyingine ya 60, jumla ni 70 na kitu kidogo. Ile ya 60 ni kama haipo. Kwa hiyo shughulika na kubwa kwanza. Ukianza na ndogo kwa sababu ni rahisi, kipimo hakitasogea na utakata tamaa bure.

Umbali nao husaidia, lakini kwa masharti. Nje mahali peupe, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye mashine moja, unapoteza desibeli 6. Barabara yenye magari mfululizo ni mstari mrefu wa vyanzo, si chanzo kimoja, kwa hiyo unapoteza 3 tu. Ndani ya chumba kitupu kanuni hizi hazifanyi kazi baada ya hatua chache, maana sauti inarudi kutoka kila ukuta.

Bado kuna herufi. Kwenye programu nyingi za kupimia utaona A, C na pengine Z. Herufi A inaiga sikio, ambalo ni zito kwa besi: kwenye hezi 100 kipimo hukatwa desibeli 19, na kwenye hezi 50 hukatwa 30. Hili ni jambo zuri kwa kelele za kawaida. Kwa mtu anayesumbuliwa na mngurumo wa muziki au jenereta ni mtego, maana simu itamwonyesha 32 huku mngurumo unamnyima usingizi. Pima kwa A, kisha kwa C, ambayo huikata besi kidogo tu. Tofauti ikikaribia 20 au kuizidi, tatizo lako ni besi, na kuanzia hapo amini C kuliko A.

Hatua ya 3: Iandae simu

Vua kava. Tafuta tundu la maikrofoni, mara nyingi liko chini karibu na tundu la chaja, na uhakikishe halina vumbi wala kidole chako. Ukifika wakati wa kupima, iweke simu kwenye hali ya ndege isipokee meseji katikati ya kipimo. Pakua programu ya kupima sauti inayoonyesha wastani unaoitwa Leq na kiwango cha juu kabisa. Ile inayocheza mshale tu ni ya mapambo. Kwa wenye iPhone, ipo ya bure iliyotengenezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini.

Je, namba ya simu ni ya kuaminika? Nusunusu. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya mtu aliye karibu. Kwenye kelele kubwa sana inazidiwa, namba inagoma kupanda hata sauti ikiongezeka. Kwenye kimya kikubwa inasikia mchakarisho wake yenyewe, kwa hiyo chumba tulivu kitaonekana kina kelele kuliko kilivyo. Simu mbili za aina tofauti zikiwekwa sako kwa bako huweza kupishana kwa desibeli kadhaa.

Kipimasauti halisi hukaguliwa kabla ya kazi kwa kifaa kidogo kinachofunika maikrofoni na kutoa mlio wa hezi 1000 wenye desibeli 94, ambazo ni sawa na shinikizo la paskali 1. Ukibahatika kuwa na mtu mwenye kipimasauti, wekeni simu kando yake, msikilize sauti ileile, uingize tofauti kwenye programu yako. Usipobahatika, usisumbuke. Namba kamili ya simu usiishike kama msahafu, lakini tofauti kati ya vipimo viwili vya simu ileile, programu ileile, mahali palepale, ni ya kuaminika vya kutosha, na kazi yote ya kutafuta njia ya kelele hufanywa kwa tofauti. Kesi ikienda mbele ya sheria, hapo simu haitoshi. Kitatakiwa kifaa kinachotimiza kiwango cha kimataifa cha IEC 61672, daraja la 1 au la 2, na mtu anayejua kukitumia.

Hatua ya 4: Pima

Weka simu juu ya kitu laini, kwa mfano taulo lililokunjwa juu ya stuli, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, angalau mita moja kutoka ukutani. Usiishike mkononi. Toka chumbani au kaa mbali bila kujigusagusa. Kupumua kwako kunasikika. Rudia sehemu tatu za chumba, halafu ongeza kipimo kimoja juu ya mto, kwa sababu hapo ndipo kichwa kinapolala na hapo ndipo malalamiko yalipo.

Kelele isiyobadilika, kama ya pampu au feni, dakika mbili zinatosha. Magari yanahitaji robo saa au zaidi. Nje, upepo ukivuma kwenye maikrofoni utapima upepo, kwa hiyo ahirisha. Pia kumbuka kwamba ukisimama mita moja mbele ya ukuta wa nyumba, ukuta unakurudishia sauti na kukuongezea kama desibeli 3.

Leq ni wastani wa nishati, na ina ujanja wake. Chukua saa nzima ya kimya, yenye dakika moja tu ya kelele ya 90. Leq ya saa hiyo ni 72. Hakuna aliyeishi kwenye 72 hata sekunde moja: dakika 59 alikuwa na amani, na dakika moja aliruka kitandani. Kwa hiyo andika daima namba mbili, Leq na kiwango cha juu kabisa, pamoja na tarehe, saa, mahali simu ilipokuwa na nini kilikuwa kinalia.

Hatua ya 5: Toa kelele za nyuma

Hapa ndipo vipimo vingi vya nyumbani vinapoharibika. Unapopima pampu, simu inapima pampu na barabara na wadudu na kila kitu. Pima ikiwaka, pima ikiwa imezimwa, ulinganishe.

Tofauti ikiwa desibeli 10 au zaidi, acha namba kama ilivyo. Ikiwa 6, punguza 1.3: pampu ikiwaka 42, ikizimwa 36, pampu yenyewe ni kama 41. Ikiwa 4, punguza 2.2. Ikiwa 3 au chini, usihesabu kitu. Huwezi kujua pampu inatoa kiasi gani. Sogea karibu nayo au subiri usiku wa manane.

Namba ukishaipata utataka kuilinganisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza wastani usiozidi 30 ndani ya chumba cha kulala usiku, na mshtuko mmoja mmoja usiozidi 45, zote kwa herufi A. Kwa masikio yenyewe, NIOSH inaweka mpaka wa 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Kama huna simu karibu, tumia kipimo cha umbali wa mkono: ukilazimika kupaza sauti ili usikike na mtu aliye urefu wa mkono mmoja kutoka kwako, mko karibu na 85 au mmeipita. Vaa viziba masikio, na ukae nje mara kwa mara. Masikio yakikulilia usiku baada ya kazi, yalishapigwa.

Hatua ya 6: Tafuta tundu

Ngoja giza. Mtu mmoja awashe tochi upande wa pili wa mlango au dirisha, wewe uangalie upande wako. Panapopita mwanga, sauti inapita. Angalia chini ya mlango, pembeni ya fremu, kwenye tundu la ufunguo, juu ya ukuta pale unapoishia kabla ya kufika kwenye paa (dari nyepesi huficha uwazi huu), mahali bomba na nyaya zinapopenya, na soketi mbili zilizotazamana kwenye ukuta mmoja.

Usidharau ufa mdogo. Mlango wa upana wa sentimita 80 na kimo cha mita 2 una eneo la sentimita za mraba 16,000. Uwazi wa sentimita 1 chini yake ni sentimita za mraba 80, yaani nusu ya asilimia moja. Hiyo nusu ya asilimia inatosha kuhakikisha mlango hautazuia zaidi ya desibeli 23, hata ukiwa wa mninga mtupu au wa chuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee; kwenye sauti ni kibaya zaidi, maana unaweza kuujenga huo ukuta na bado ukasikia kila kitu kupitia ufa.

Hatua ya 7: Chagua dawa kulingana na njia

Kama ni tundu, ziba. Mpira wa kubandika kwenye fremu, ukanda wa mpira chini ya mlango, silikoni au chokaa kwenye nyufa. Hii ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote na mara nyingi ndiyo yenye matokeo makubwa. Tahadhari moja: chumba chenye jiko la gesi, la mkaa, au chochote kinachochoma mafuta lazima kibaki na njia ya hewa. Na jenereta usiifungie ndani ya kibanda kisicho na hewa kwa ajili ya kupunguza kelele. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua.

Kama sauti inapenya ukuta wenyewe, kinachozuia ni uzito. Kwa kanuni, ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata desibeli 6, na kwa vitendo hupungua kidogo. Ndiyo maana kuunenepesha ukuta ni njia ghali. Kuta mbili zisizogusana, zenye nafasi ya hewa kati yake na kitu cha nyuzinyuzi ndani ya nafasi hiyo, hufanya vizuri kuliko ukuta mmoja wenye uzito uleule. Msumari mmoja mrefu ukiziunganisha, faida inapungua.

Sasa trei za mayai na sponji. Fanya jaribio: weka kitu hicho mdomoni upulize. Pumzi ikipita, sauti nayo inapita. Sponji hufyonza sehemu ya sauti inayogonga na kurudi ndani ya chumba, haimzuii jirani. Trei ya mayai hata kufyonza inafyonza kidogo. Na hata ukifyonza vizuri kiasi cha kupunguza mwangwi nusu, kiwango cha kelele ndani ya chumba kinashuka kwa desibeli 3 tu. Yule anayekuuzia sponji kama "kizuia sauti" ama hajui, ama anajua sana.

Kufyonza kuna kazi yake halali: chumba chenye mwangwi, ambamo watu wanaongea hawaelewani, au rekodi zinasikika kama zimefanywa ndani ya pipa. Aliyetupa hesabu yake ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia Harvard, aliyepewa mwaka 1895 kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao hakuna aliyekuwa anasikia kitu ndani yake. Alifanya kazi usiku, akiazima mito ya viti vya ukumbi mwingine, akiiingiza na kuitoa huku akipima sauti inachukua muda gani kufa. Alichokipata ni kifupi: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, ugawanye kwa jumla ya eneo linalofyonza, unapata sekunde za mwangwi.

Tuijaribu. Chumba cha mita 5 kwa 4 kwa 3 kina ujazo wa mita za ujazo 60 na nyuso za jumla ya mita za mraba 94. Plasta tupu hufyonza kama asilimia 3, yaani ni sawa na mita 2.8 tu za mraba zinazofyonza kikamilifu. Jibu ni sekunde 3.4, ni pango hilo. Ukitaka nusu sekunde, inayofaa kwa mazungumzo, unahitaji mita za mraba 19 zinazofyonza kikamilifu. Kitanda chenye godoro, mapazia mazito yenye mikunjo, zulia, rafu ya vitabu na kabati la nguo lililo wazi vinakusogeza mbali kuelekea huko kabla hujanunua chochote cha kubandika. Na mtu anayerekodi sauti kwa simu aingie tu kabatini katikati ya nguo. Wataalamu wa redio wanafanya hivyo safarini na hawaoni haya.

Kama ni mtetemo wa jengo, ukuta uache kabisa. Shughulikia mashine. Iinue juu ya vipande vya mpira laini vinavyobonyea kidogo kwa uzito wake. Mpira mgumu usiobonyea ni kama zege. Unganisha bomba kwa kipande cha hosi inayopinda, na usifunge kibano cha bomba moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Boliti moja inayopita mpirani na kugusa chuma kwa chuma hurudisha mtetemo wote.

Hatua ya 8: Pima tena, kisha mwite jirani

Simu ileile, taulo lilelile, mahali palepale, saa ileile. Mabadiliko yasiyofika desibeli 3 usiyahesabu kama ushindi, yanaweza kuwa ya bahati tu. Badilisha jambo moja kwa wakati na upime baada ya kila moja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia na utakirudia hata kile kisichosaidia.

Ikiwa chanzo kiko kwa jirani na umeshaziba vya kwako, usimpelekee namba. Namba za desibeli huanzisha mabishano kuhusu simu. Mpelekee daftari lenye saa na tarehe, kisha umwambie: "Jirani, naomba dakika tano, uje usikilize ukiwa kwangu." Mwombe aiache mashine yake inalia, umpeleke mpaka kitandani, aweke kichwa pale mto ulipo. Kutoka kwake haisikiki hivyo, na huenda hajawahi kuisikia.